SAUTI ZA NDEGE WA KIBWEZI: KWA NINI HUYU HUNGURUMA NA YULE HULIA KAMA FILIMBI

Karibu na mji wa Kibwezi, upande wa kusini wa Ukambani, uko msitu usiofanana hata kidogo na nchi iuzungukayo. Nchi ile ni kavu; imeota migunga na mibuyu na vichaka vya miiba, na mvua yake ni ya kubahatisha. Lakini maji ya mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu hayakai juu ya ardhi. Huzama katika mawe meusi yaliyotoka zamani katika volkano, hupita chini kwa chini, na kutokea tena penye chemchemi za Umani. Maji hayo ndiyo yaulishayo msitu wa Kibwezi, na kwa ajili yake miti mirefu yenye vivuli husimama mahali ambapo, kwa hesabu ya mvua peke yake, pangekuwa na miiba tu.

Kwa hiyo mtu aweza kutoka katika giza la msitu na kufika katika nyika kwa mwendo mfupi wa miguu, na hata kama amefumba macho, masikio yake yatamwambia kwamba amebadili nchi. Msituni atasikia hondohondo wakilia juu ya miti kwa sauti ifananayo na kilio cha mtoto mchanga, na miluzi mirefu iliyo safi kutoka vichakani. Nyikani atasikia ndege wadogo wakitoa sauti kali za haraka haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kibuyu. Tofauti hiyo yatoka wapi? Je, mwili wa ndege ndio uamuao sauti yake, au ni mahali aishipo? Swali hili limewashughulisha wataalamu wa viumbe kwa muda mrefu, na jibu lililokuwa likifundishwa kwa miaka mingi limepata kupingwa karibuni.

Chombo cha sauti

Mwanadamu hutoa sauti katika koromeo, juu ya koo. Ndege sivyo. Chombo chake kiko chini kabisa, ndani ya kifua, mahali ambapo bomba la pumzi hugawanyika kuwa matawi mawili yaendayo mapafuni. Wataalamu hukiita sirinksi. Ndani yake mna ngozi nyembamba sana zitikisikazo pumzi ipitapo. Na kwa kuwa kila tawi lina ngozi zake, wengi katika ndege waimbaji waweza kutoa sauti mbili mbalimbali kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwimbaji hodari wa kwaya hawezi kulifanya hata akifundishwa mwaka mzima.

Sauti yenyewe ni mitikisiko ya hewa. Mitikisiko ikiwa michache katika sekunde moja, sikio husikia sauti nzito. Ikiwa mingi, husikia sauti nyembamba. Mwanamume mtu mzima asemapo, hewa hutikisika kiasi cha mara 100 hadi 150 kwa sekunde. Ndege wadogo waimbao hutikisa hewa mara 3,000, au 4,000, na wengine hupita hata 6,000.

Watu wa Ukambani, ambao kwa ngoma wana sifa kubwa, hawahitaji kuelezwa sana sababu yake. Ngoma pana hunguruma. Ngoma ndogo hulia kwa ukali. Ngozi iliyo pana na nzito hutikisika polepole, na ngozi ndogo iliyokazwa hutikisika upesi. Ndivyo ilivyo ndani ya kifua cha ndege: mwili mkubwa una sirinksi kubwa, na sirinksi kubwa ina ngozi pana. Tena bomba la pumzi la ndege mkubwa ni refu, na bomba refu huongeza uzito wa sauti, kama baragumu ya pembe ya tandala ipitavyo kwa uzito kijipembe cha mbuzi. Iko na sababu ya tatu. Mwili mdogo hauwezi kusukuma hewa ya kutosha kuitupa mbali sauti nzito. Hata kama ndege mdogo angejaribu kunguruma, asingesikika na mwenzake wa mti wa pili.

Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, wengi wa jamii yake hawafiki gramu 10, na sauti yake ni nyembamba mno, wazee wenye masikio yaliyochoka hawaisikii kabisa. Mbuni dume hupita kilo 100. Alipo katika majira ya kutaka jike, hufunga mdomo, hujaza shingo yake pumzi mpaka ivimbe, na kutoa mvumo mzito ambao wasafiri wengi wa nyika wameudhania kuwa ni simba. Kati ya hao wawili, ndege wengine wote wa nchi ile hupangika kwa kadiri ya uzito wao, isipokuwa wachache watakaotajwa baadaye.

Bundi wawili

Mfano ulio mzuri kuliko wote ni wa bundi, kwa kuwa hapo twaweza kulinganisha ndugu kwa ndugu. Katika nchi ya Kibwezi na Tsavo yuko bundi mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye kope za macho zenye wekundu hafifu. Jike lake hupita kilo 2. Usiku hutoa miguno mizito, iendayo mbali sana kunapokuwa kimya. Yuko pia bundi mdogo sana mwenye madoadoa meupe mwilini, asiyefika gramu 150, ambaye huonekana hata mchana. Huyu hagunii hata kidogo. Hupiga mluzi, mluzi juu ya mluzi, kila mmoja ukipanda juu ya uliotangulia, mpaka watoto wachungao mbuzi huweza kumwigiza na kumwita aje karibu. Maumbile yao yanafanana, nchi yao ni moja. Kilicho mbalimbali ni ukubwa wa mwili.

Jambo hili lina faida kwa watu wenye nyumba. Katika vijiji vingi sauti ya bundi mkubwa juu ya paa huhesabiwa kuwa habari ya msiba, naye hupigwa mawe au mti wake hukatwa. Mluzi wa yule mdogo haumtishi mtu kwa kadiri hiyo, ijapokuwa naye ni bundi halisi. Hofu basi yatokana na uzito wa sauti, na uzito wa sauti watokana na upana wa kifua. Wakati huo huo panya walao mahindi ghalani huliwa na bundi, na mwenye kumfukuza bundi huwakaribisha panya.

Hata hivyo kanuni ya ukubwa ina mipaka, na yafaa kuitaja wazi, maana mwanafunzi atakayeifuata kama sheria ya serikali atapotea. Katika jamii nyingi za bundi, jike ni mkubwa kuliko dume, lakini dume ndiye mwenye sauti nzito zaidi. Tai wa vita, aliye mmoja wa tai wakubwa kabisa wa Afrika na aweza kumbeba mtoto wa paa, hana sauti ya kutisha. Hulia kwa mluzi mwembamba usiolingana na sura yake. Ni kama kwamba mwili mkubwa humpa ndege ruhusa ya kuwa na sauti nzito, asilazimike kuitumia. Kwa ndege mdogo ruhusa hiyo haipo.

Njiwa wamepata njia ya kuikwepa kanuni. Pugi, yule njiwa mdogo wa vichakani mwenye mabaka ya kijani mabawani, ana uzito wa gramu 60 hivi, lakini sauti yake ni nzito na ya huzuni, ikianza polepole na kwenda mbio kuelekea mwisho. Ukimtazama kwa makini utaona kwamba mdomo wake umefungwa. Hujaza umio wake hewa uwe kama mfuko, na mfuko huo hupitisha sauti iliyo nzito na kuzizuia zile nyembamba. Mbuni, aliye mzito kumshinda zaidi ya mara 1,000, hutumia hila iyo hiyo.

Msitu na nyika

Sasa tulitazame jambo la mahali. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Eugene Morton, alitoa matokeo ya kazi yake katika nchi ya Panama. Alikuwa amepima nyimbo za ndege wa msituni na za ndege wa mahali pa wazi, naye akaona kwamba ndege wa msituni huimba kwa sauti nzito zaidi, hasa kati ya mitikisiko 1,600 na 2,500 kwa sekunde, na kwamba nyimbo zao ni miluzi safi iliyotengana. Ndege wa mahali pa wazi hupenda sauti za haraka, zinazorudiwarudiwa.

Hoja yake yaeleweka kwa urahisi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Sauti nzito ya mitikisiko 340 ina hatua ya mita moja. Sauti nyembamba ya mitikisiko 6,800 ina hatua ya sentimita 5 tu. Kitu chenye hatua ya mita moja hulipita jani kana kwamba halipo. Kitu chenye hatua ya sentimita 5 hugongana na jani, na kijiti, na gome, kikatawanyika. Tena msituni kuna mwangwi. Mtu asomaye upesi ndani ya kanisa tupu hasikiki vema, kwa sababu maneno ya kwanza hurudi kutoka ukutani na kuyakuta ya pili. Vivyo hivyo mashina ya miti huirudisha sauti, na wimbo wa haraka huvurugika. Nyikani mashina ni machache, lakini upepo na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini huikata sauti ndefu vipande vipande. Huko afadhali ndege aseme neno fupi mara nyingi, ili baadhi yake lipite kati ya upepo na upepo.

Mtu akisimama Kibwezi ataona kama Morton alikuwa akieleza mahali pale. Katika vichaka vizito huishi tiva, ndege mweusi kwa juu na mweupe kwa chini, ambaye dume na jike huimba pamoja kwa miluzi ifananayo na kengele. Mmoja huanza na mwenziwe hujibu kwa wakati barabara, hata msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Uimbaji huo ulimvutia sana Myles North, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Kenya na aliyezinasa sauti za ndege kwa mashine katika sehemu nyingi za nchi. Sahani yake ya santuri ya sauti za ndege wa Afrika ilitolewa Marekani mwaka 1958. Mwaka 1965 yeye na Profesa W. H. Thorpe wa Cambridge waliandika katika gazeti la sayansi, Nature, juu ya ndege waimbao kwa kupokezana namna hii.

Nyikani huishi videnenda, ndege wadogo wa rangi ya majani makavu. Hao hawana uzuri wa kutazamwa, na wanafanana kiasi cha kumkatisha tamaa mtu mwenye darubini. Hubert Lynes, ofisa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza aliyeandika juu yao kitabu kikubwa mwaka 1930, aliwatenga aina kwa aina kwa kuzitegemea sana sauti zao, na hata leo majina yao mengi ya Kiingereza hutaja namna wanavyolia: huyu atatarikaye, huyu apigaye mluzi, huyu akoromaye. Kidenenda wa kawaida wa vichaka vya Kibwezi hukaa juu ya ncha ya mti na kutatarika tangu asubuhi mpaka jua kali. Tiva basi ni wa msituni na miluzi, kidenenda wa nyikani na mtatariko, na somo laonekana limekwisha.

Lakini limefichwa jambo moja. Tiva ana uzito wa gramu 50 hivi. Kidenenda hufika 15. Nani ajuaye kama ni msitu uliompa tiva sauti yake nzito, au ni mwili wake? Mtu hawezi kuamua kwa ndege wawili, wala kwa 20. Tena yuko tiva mwingine katika nchi ile ile, mweusi wa kijivu mwili mzima, aishiye katika vichaka vya nchi kavu, naye pia hupiga kengele na jike lake.

Ili kulitatua fumbo hilo, Peter Mikula na wenzake walikusanya nyimbo zilizorekodiwa za aina 5,085 za ndege wa kundi la waimbaji kutoka pembe zote za dunia, wakatoa matokeo yao mwaka 2021. Waliona kwamba uzito wa mwili huhusiana wazi na uzito wa sauti: kadiri ndege alivyo mkubwa, ndivyo sauti yake ilivyo nzito. Waliona pia kwamba katika aina ambazo madume ni makubwa kuliko majike, sauti huwa nzito zaidi, na kwa maelezo yao hilo latokana na madume kushindana, kwa kuwa sauti nzito humwonya mshindani kwamba mwenye nayo si mdogo. Walipotafuta alama ya msitu na ya nyika katika uzito wa sauti hizo, hawakuiona.

Matokeo hayo hayakuibatilisha sayansi ya mwangwi na majani, ambayo ni kweli hata leo. Yaonyesha tu kwamba ndege hakulazimika kubadili uzito wa sauti yake ili kushindana na msitu, maana ana njia nyingine zilizo rahisi. Aweza kupanda juu ya mti. Aweza kutenganisha miluzi yake ili mwangwi usiivuruge. Aweza kuchagua saa. Na hapa ndipo penye siri ya uimbaji wa alfajiri, kwa kuwa saa hiyo upepo umetulia, na hewa ya baridi iliyolala juu ya ardhi huipinda sauti irudi chini badala ya kupotea juu. Mahali humfundisha ndege namna ya kuimba na wakati wa kuimba. Uzito wa sauti ni urithi wa mwili.

Kelele za watu

Elimu hii ingebaki kuwa ya kupitishia wakati kama watu wasingeongeza sauti yao wenyewe. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Uholanzi, Hans Slabbekoorn na Margriet Peet, walionyesha kwamba katika mji wa Leiden ndege mmoja mdogo wa mjini huacha sauti zake za chini mahali penye kelele nyingi za magari, akaimba kwa zile za juu. Kelele za magari ni nzito. Humeza sauti nzito na kuziacha nyembamba.

Kibwezi iko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambako malori hayalali. Reli ya kwanza ilipita huko katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na reli mpya imechukua abiria tangu mwaka 2017. Barabara ya lami imejengwa pia kutoka Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui. Chozi hadhuriki sana kwa mvumo wa lori, kwa kuwa sauti yake iko juu kabisa ya mvumo huo. Lakini bundi mkubwa hawezi kupanda huko, wala hondohondo mkubwa atembeaye ardhini katika nyika za Tsavo, mwenye kilo 3 au 4, ambaye mvumo wake wa alfajiri husikika kilomita kadhaa. Mwili wake haumruhusu kugeuka filimbi.

Na ndege hao hao wenye sauti nzito ndio wahitajio miti mikubwa. Hondohondo wa msituni hutaga katika tundu la mti. Jike hujifungia humo na kuziba mlango, akabakiza ufa mwembamba wa kulishwa na dume mpaka makinda yakue. Mti mchanga hauna tundu la kumtosha. Mchoma mkaa naye huutaka mti mkubwa wenye kuni ngumu kabla ya mwingine wowote. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kaunti ya Kitui ikapiga marufuku kusafirisha mkaa. Biashara hiyo haikwisha, kwa kuwa magunia hupita usiku. Chozi na kidenenda waweza kuishi katika vichaka viotavyo baada ya miti mikubwa kukatwa. Kwa hiyo msitu uweza kuendelea kuwa na kelele nyingi za ndege, na mpita njia akaridhika, huku sauti zote nzito zimekwisha kutoweka chini yake.

Waalimu wa shule zilizo karibu na msitu wana somo tayari hapa, lisilohitaji fedha. Wanafunzi wasimame ukingoni mwa msitu wiki mbili baada ya mvua za Novemba kuanza, wakati ndege wengi wanapojenga viota, wafike kabla ya saa kumi na mbili ya asubuhi. Wasihangaike kwanza na majina. Waandike kila sauti waisikiayo: ni nzito au nyembamba, ni ndefu au ya kutatarika, yatoka msituni au nyikani. Simu za mkononi za siku hizi zaweza kuinasa sauti na hata kuichora kwenye kioo chake, sauti nzito chini na nyembamba juu, kazi ambayo zamani ilihitaji mashine za chuo kikuu. Daftari litunzwe shuleni, na mwaka ufuatao darasa jipya lisimame mahali pale pale, saa ile ile. Mistari ya chini ya daftari ndiyo ya kutazamwa kwanza, na nafasi nzuri ya kuijaza ni ile dakika chache kabla lori la kwanza halijapanda kilima.